Nimemaliza interni, moyo uko kwenye magonjwa ya kuambukiza: nisaini mkataba wa mradi au nirudi chuoni?

Wahariri wa safu, salaam.

Mimi ni daktari wa miaka 27, mzaliwa wa Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Interni, yaani mazoezi ya kazi baada ya chuo, nimeimaliza katika hospitali moja ya rufaa ya mkoa na usajili wangu kamili umeshatoka. Tangu mwaka wa nne wa chuo moyo wangu uko kwenye magonjwa ya kuambukiza: kifua kikuu, VVU, homa ya uti wa mgongo, malaria kali, na hii Ebola inayotutembelea kila baada ya muda. Shida ni kwamba kila ninayemuuliza njia inapita wapi ananipa ramani yake.

Nimepewa nafasi katika mradi mmoja wa VVU, mkataba wa mwaka mmoja, mshahara mzuri, na wameniahidi semina nyingi zenye vyeti. Daktari mmoja mkubwa kwangu ananiambia nikikaa pale miaka mitano nitakuwa bingwa bila kurudi darasani. Mwenzangu anasema nisipoteze muda, niombe MMed (shahada ya uzamili ya udaktari bingwa) mara moja, lakini ada sina. Baba yangu anataka nisomee upasuaji. Ananiuliza, "Huyo daktari wako wa maambukizi atamtoza nani pesa?" Mama naye tangu mlipuko wa Ebola wa Mubende wa 2022 ameshasema nikiingia kwenye kazi hizo nisikanyage kwake kabla siku 21 hazijaisha.

La mwisho linanitia aibu kidogo. Hospitali niliyofanyia interni haikuwa na chupa za kuoteshea damu ili kutafuta bakteria kwa miezi mingi, na kutoboa mgongo kuchukua maji ya uti wa mgongo nimefanya mara chache sana. Homa tulikuwa tunazitibu kwa kubahatisha. Je, mtu kama mimi anaanzia wapi? Na ubingwa huu hapa Uganda upo kweli au lazima niende nje?

Daktari wa Koboko

*

Dada Daktari,

Tuanze na mkataba, maana wenyewe una tarehe ya mwisho na mengine yanaweza kungoja.

Aliyekuambia miaka mitano ya mradi inazaa bingwa amekupotosha. Kliniki ya VVU ya leo ina wagonjwa wengi waliotulia: wanameza kidonge kimoja kwa siku chenye dawa ya VVU iitwayo dolutegravir ndani yake, wanapimwa wingi wa virusi, wanabeba dawa za miezi 3 au 6 na kurudi shambani. Utajifunza mambo ya maana pale, hasa namna ya kumshughulikia mtu ambaye virusi vyake havishuki, kinga ya kifua kikuu, na kusoma takwimu za kituo. Ila baada ya miezi kumi na minane hivi somo linaanza kujirudia. Daktari wa magonjwa ya kuambukiza huitwa pale wengine wamekwama: mgonjwa ana homa wiki ya tatu, amekwisha kupewa artesuneti ya malaria na antibayotiki ya seftriaksoni, na bado anawaka. Mgonjwa huyo haji kliniki kuchukua vidonge. Yuko wadi ya magonjwa ya ndani, pengine figo zimechoka, sukari iko juu, valvu ya moyo inavuja, na hakuna ajuaye kipi kilimtangulia mwenzake. Anayefahamu vimelea peke yake hamsaidii. Ndiyo maana kila njia halali ya ubingwa huu inapitia kwanza tiba ya ndani au tiba ya watoto, na vyeti vya semina ya siku tano, hata ukijaza navyo faili, havikuingizi kwenye orodha ya mabingwa ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno.

Kwa hiyo mradi uchukue kama mfuko wa ada, mwaka mmoja au miwili, si zaidi. Kabla ya kusaini uliza nani anatoa fedha na ruzuku yake inaisha lini. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wafanyakazi wengi wa miradi ya VVU Uganda walijikuta hawana kazi kwa taarifa ya siku chache, na Wizara ya Afya ikaanza kuziunganisha kliniki za VVU na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje. Uliza notisi ni ya miezi mingapi na kama inalipwa. Angalia kama mchango wa mwajiri kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, unawekwa juu ya mshahara uliotajwa au umekatwa humohumo ndani. Asilimia 5 yako inakatwa kwako hata hivyo. Kisha omba kitu ambacho wengi hawaombi: siku moja kwa wiki, iandikwe kwenye mkataba, ya kuzunguka wadi ya magonjwa ya ndani ya hospitali mnayofanyia kazi. Wakikataa, jitolee Jumamosi. Ukiikosa siku hiyo kwa miaka miwili utaingia MMed mikono imeshapata kutu.

Sasa njia yenyewe. Shahada ya kwanza ya udaktari, MBChB, miaka 5 umemaliza, interni umemaliza. Kinachofuata ni MMed ya tiba ya ndani, miaka 3, Chuo Kikuu cha Makerere ukikaa hospitali ya Mulago, au Mbarara. Ukipenda watoto zaidi, MMed ya tiba ya watoto inakufikisha palepale. Baada yake ndipo mafunzo ya maambukizi yenyewe, ambayo kwa kawaida huchukua miaka 2. Piga hesabu ya kutoka sasa hadi mwisho bila kujidanganya: mwaka au miwili ya kutafuta ada, mitatu ya MMed, miezi kadhaa ya tasnifu iliyochelewa (inachelewa kwa wengi, tutakueleza sababu), kisha hiyo miwili. Utakuwa umefika katikati ya miaka ya thelathini.

Ubingwa huu Uganda upo, ila usitegemee kuona tangazo la kazi lenye jina hilo katika kila hospitali ya rufaa. Hospitali inaajiri bingwa wa magonjwa ya ndani, na mwenye ujuzi wa maambukizi ndiye anayejikuta anaongoza wadi ya kifua kikuu, kamati ya matumizi ya antibayotiki na timu ya milipuko. Wanaoufanya muda wote wengi wako kwenye taasisi: Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Makerere pale Mulago, kituo cha utafiti cha JCRC Lubowa, Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Entebbe iliyoanza 1936 kwa ajili ya homa ya manjano, kituo cha utafiti cha Epicentre huko Mbarara, au watafiti wa malaria wa Tororo. Hizi ndizo nyumba ambazo mtu aliyemaliza MMed hubisha hodi akitafuta mlezi. Barua nzuri kwa mlezi haisemi "napenda sana utafiti." Inataja swali moja, inataja wagonjwa utakaowapata wapi, na inaambatanisha kurasa mbili.

Nje kuna njia pia. Afrika Kusini unasomea cheti cha miaka 2 baada ya kuwa bingwa wa tiba ya ndani. Marekani haitambui MMed yako: unafanya USMLE, mitihani ya leseni ya udaktari ya huko, unarudia tiba ya ndani miaka 3, kisha maambukizi miaka 2. Diploma ya tiba ya kitropiki ya London au Liverpool ni ya miezi 3 tu. Ni nzuri na inaheshimika, lakini usiichanganye na ubingwa. Maoni yetu ni usiende kabla ya MMed. Wagonjwa wa kriptokoka (fangasi anayeshambulia ubongo), malaria kali na kifua kikuu cha ubongo utawaona wengi zaidi Mulago kwa wiki moja kuliko mwenzako atakavyowaona kule kwa miaka. Kinachokosekana hapa ni maabara na muda wa kufikiri, na hivyo unaweza kuvifuata nje baadaye kwa miezi michache.

Ada. Ukijiunga kwa kujilipia, fahamu kwamba madaktari wengi wa MMed hufanya kazi za wadi na zamu za usiku bila mshahara, na kazi ya pembeni utaifanya ukiwa umechoka. Njia tulivu zaidi ni kuajiriwa serikalini kwanza, kuthibitishwa kazini, kisha kuomba ruhusa ya masomo. Hospitali za rufaa zinaajiri kupitia Tume ya Utumishi wa Afya, za wilaya kupitia tume ya utumishi ya wilaya. Tangu nyongeza ya mwaka wa fedha 2022/23 daktari asiye bingwa serikalini anapata takriban shilingi milioni 5 kwa mwezi kabla ya makato. Linganisha na mradi ukihesabu pia kwamba huku hakuna ruzuku inayokatika. Wilaya za kwenu huko West Nile zina uhaba wa madaktari, na mtu wa nyumbani anayezungumza na wagonjwa Kiswahili, Kikakwa na Kilugbara anapokelewa kwa mikono miwili.

Tasnifu ndiyo inayowachelewesha watu, na huwa inaharibika mapema kuliko wanavyodhani, kwenye kuchagua swali. Chukua mfano ambao kila mwaka mtu huuandika: bakteria gani wamo kwenye damu ya watu wazima wenye homa, na wana usugu kiasi gani. Mwanafunzi anakisia asilimia 10 wataota kitu, anaweka kanuni ya kawaida ya sampuli kwa kosa la asilimia 5, anapata wagonjwa 138. Kamati inapitisha. Miezi sita baadaye ana vimelea 14 mkononi, vya aina tano tofauti, na anatakiwa aandike sura nzima kuhusu usugu. Haiandikiki. Kanuni ilijibu swali la kwanza tu, la wangapi wana bakteria. Kama swali lako ni usugu, anza na idadi ya vimelea unavyohitaji, kisha rudi nyuma ukokotoe wagonjwa. Au kaa maabara ukusanye vimelea vilivyokwisha kuota. Andiko likamilike ndani ya mwaka wa kwanza, maana kamati ya maadili italirudisha angalau mara moja, kwa kawaida kwa fomu ya ridhaa iliyoandikwa Kiingereza kigumu au kwa bajeti isiyosema nani analipia chupa.

Tukigeukia lile unaloliita aibu: lisikutie aibu, ila lirekebishwe kabla hujakaa mbele ya jopo la usaili. Tutazungumzia mambo matatu, kwa sababu hayo ndiyo yanayomtofautisha daktari wa maambukizi na daktari anayeandika antibayotiki.

Kuotesha damu kwanza. Chupa ya mtu mzima inataka mililita 8 hadi 10, na unachukua chupa mbili kutoka mikono miwili, kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki. Watu huweka mililita 2 kwa sababu mshipa ni mgumu, kisha jibu likija "hakijaota kitu" wanasema maabara haifai. Katika mtu mzima mwenye bakteria damuni, mara nyingi kuna chini ya kimelea kimoja kwa kila mililita. Kwenye mililita 2 huenda hakumo hata kimoja. Kosa la pili ni ngozi. Sugua na klorheksidini iliyo kwenye spiriti kwa sekunde 30, acha ikauke yenyewe, usirudi kuupapasa mshipa kwa kidole. Futa na vifuniko vya chupa kwa spiriti, si visafi kama vinavyoonekana. Chupa moja ikiota stafilokoka wa ngozi na nyingine isiote, huyo ni mgeni aliyeingia na sindano. Chupa mbili ndizo zinazokuwezesha kusema hivyo. Na usiweke chupa kwenye friji. Zikae joto la chumba, zifike maabara ndani ya saa chache. Zile za Ijumaa jioni zinazolala wadini hadi Jumatatu ni pesa iliyotupwa.

Pili, maji ya uti wa mgongo. Ukiwa Mulago au Mbarara kriptokoka atakuwa mwalimu wako mkuu. Mgonjwa ana VVU, kichwa kinamuuma wiki mbili, anatapika, pengine anaona viwili viwili. Kipimo cha antijeni kinatoa jibu kwa dakika 10, na hapo wengi huishia. Kinachoua katika siku za mwanzo ni shinikizo: fangasi na ule utando wake vinaziba mifereji ambayo maji ya ubongo hutokea, maji yanajaa, mgonjwa anapofuka au anazimika. Kwa hiyo pima shinikizo kila unapotoboa. Mgonjwa alale ubavu, sindano ikishaingia mnyooshe miguu kidogo kabla ya kusoma. Manometa, kipima shinikizo, hakuna? Unganisha mrija safi wa dripu usiotumika, uusimamishe wima, upime kwa rula kuanzia usawa wa sindano. Ikizidi sentimita 25, toa maji hadi ishuke chini ya 20. Kama ilikuwa juu mno, ipunguze nusu. Mara nyingi ni mililita 20 hadi 30. Kichwa kikirudi kuuma kesho, unarudia kesho. Mwenye degedege, aliyepooza upande mmoja au aliyezimika apigwe kwanza picha ya kichwa kama ipo.

Dawa zenyewe zilibadilika 2022. Shirika la Afya Duniani sasa linapendekeza amfoterisini B ya liposomu dozi moja tu ya miligramu 10 kwa kilo, pamoja na flusitosini miligramu 100 kwa kilo kwa siku na flukonazoli miligramu 1200 kwa siku, zote mbili kwa siku 14. Ushahidi ulitoka kwenye utafiti wa nchi tano za Afrika, Uganda ikiwemo. Mgonjwa wa kilo 50 atahitaji miligramu 500 za amfoterisini, yaani vichupa 10 vya miligramu 50, na flusitosini miligramu 1250 kila baada ya saa 6, yaani vidonge viwili na nusu vya miligramu 500. Dozi ya usiku wa manane ndiyo inayosahaulika; mwandikie nesi saa, usiandike "mara nne". Tangulia na lita moja ya salaini yenye potasiamu kulinda figo, lakini kabla ya kuanza amfoterisini safisha mrija kwa deksitrozi ya asilimia 5, maana dawa hiyo ikikutana na salaini inaganda. Kila mwaka kuna wadi inayomwaga vichupa kumi kwa kosa hili.

Halafu usianze ARV wiki hiyohiyo. Utafiti uliofanywa Uganda na Cape Town, ukachapishwa 2014, ulionyesha kwamba walioanzishiwa mapema walikufa asilimia 45 kufikia wiki ya 26, na waliosubiri wiki tano hivi asilimia 30. Huyu ni mgonjwa ambaye kliniki ya mradi, kwa nia njema na kwa shabaha ya "anza dawa siku hiyohiyo", inaweza kumuua. Ukiwa pale, kila mwenye CD4 (seli za kinga) chini ya 200 apimwe antijeni ya kriptokoka kabla ya dozi ya kwanza.

Jambo moja ambalo vitabu havilitilii mkazo: ndugu watakataa. Imani kwamba kutobolewa mgongo kunaua imeenea sana, na ilizaliwa na sisi wenyewe, kwa sababu tunatoboa tukiwa tumechelewa na mgonjwa anakufa kesho yake. Mtafute yule mzee au shangazi anayeamua, mwambie maji yanatolewa ili kupunguza maumivu ya kichwa, na fanya siku ya kwanza. Mgonjwa akikaa kitini jioni kichwa kimepungua, mtaa mzima wa wadi utakuomba.

La tatu ni mtego wa malaria. Kipimo cha haraka kinachotafuta protini ya HRP2 kinaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya vimelea kwisha. Kwa mtu mzima aliyetibiwa wiki mbili zilizopita, chanya hiyo haikuambii kitu. Taka kioo cha darubini na idadi ya vimelea. Malaria kali ikithibitishwa, artesuneti ni miligramu 2.4 kwa kilo saa ya 0, ya 12 na ya 24, kisha mara moja kwa siku hadi aweze kumeza dawa za mseto. Mtoto wa chini ya kilo 20 anapewa miligramu 3 kwa kilo. Mwambie arudi kupima damu wiki ya kwanza hadi ya nne baada ya hapo, kwa sababu seli nyekundu za wengine huvunjika kwa kuchelewa. Na kwa vile unatoka kaskazini, fahamu kwamba mwaka 2021 ilichapishwa taarifa ya vimelea vya kaskazini mwa Uganda vinavyochelewa kuondoka damuni licha ya artesuneti. Homa isiyoshuka baada ya siku tatu haimaanishi tena kwamba mgonjwa alitema dawa.

Maabara: nenda ukae. Wiki mbili kwenye benchi la bakteria, ukipaka rangi ya Gram inayotofautisha bakteria kwa mkono wako na kusoma sahani za usugu, zitakufaa kuliko semina nne. Mletee fundi wa maabara taarifa za mgonjwa, naye atakupigia simu kabla ya karatasi kutoka.

Kwa baba yako tuseme ukweli: hoja yake ina uzito. Daktari wa upasuaji analipwa kwa kila mkono anaouweka. Wewe huna upasuaji wa kutoza. Kipato cha wenzako kinatoka mshahara wa serikali au chuo, ushauri kwenye hospitali binafsi za Kampala, na utafiti, ambao unalipa vizuri ukipata na haulipi kitu ukikosa. Hutalala njaa. Nyumba ya ghorofa itachelewa. Mwambie hivyo waziwazi. Mzazi hukubali haraka zaidi akiona umeshapiga hesabu.

Mama yako naye yuko nusu sahihi. Ebola hujificha mwilini siku 2 hadi 21, lakini asiye na dalili hamwambukizi mtu. Kama umefanya kazi ukiwa umejikinga na hukupata tukio lolote, unapima joto asubuhi na jioni, na utaratibu wa timu ya ufuatiliaji ndio unaokuambia lini uende Koboko. Ukichomwa sindano au ukirukiwa na damu, hapo mama ana haki kabisa, kaa mbali.

Ila mwogopeshe kwa kitu sahihi. Mlipuko wa Mubende ulitangazwa 20 Septemba 2022 ukafungwa 11 Januari 2023: wagonjwa waliothibitishwa 142, kati yao 55 walikufa. Wahudumu wa afya 19 waliambukizwa, 7 wakafa. Hiyo ilikuwa aina ya Sudan, ile iliyopiga Gulu mwaka 2000 na kumchukua Dkt. Matthew Lukwiya wa Lacor, na chanjo iliyoidhinishwa ni ya aina ya Zaire, haikingi hii. Siku za hatari kubwa ni zile kabla mtu hajataja jina la ugonjwa, mgonjwa akiwa kitanda cha kawaida na daktari ana glavu moja au hana. Basi kinga yako ni tabia ya kila siku: uliza kila mwenye homa kama amezika mtu au amemuuguza mtu karibuni, vaa glavu kwa kila damu, na usichome dripu usiku bila taa. Ukiwa kwenye hema la wagonjwa wa Ebola, hatari inahamia kwenye kuvua mavazi ya kinga. Vua mbele ya mtu anayekusomea hatua, polepole, ukinawa glavu kila baada ya hatua. Klorini ya asilimia 0.5 ya vifaa na sakafu ni gramu 7 za unga wa klorini wa HTH wa asilimia 70 kwa lita moja ya maji. Ya mikono ni asilimia 0.05, yaani gramu 7 kwa lita 10. Ichanganywe kila siku upya, kwa sababu ya jana imeshapungua nguvu. Watu hupima unga kwa kukadiria na kijiko, wakatoka na maji yanayochoma mikono au yasiyoua kitu.

Kinachowapata madaktari wengi zaidi ya Ebola ni kifua kikuu na sindano. Barakoa ya upasuaji mvalishe mgonjwa. Wewe vaa barakoa ya kuchuja hewa ya N95 iliyobana usoni, na fungua madirisha hata wagonjwa wakilalamika baridi. Ukichomwa sindano, osha kwa maji na sabuni bila kukamua, anza dawa za kuzuia VVU saa hiyohiyo, isipite saa 72, umeze siku 28. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu: ya kwanza, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita. Mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya tatu pima kinga. Ikiwa chini ya 10 mIU/ml, unarudia mzunguko.

Jopo la safu